Spidi ya Bibi

Kamera yangu niliinunua kwa mtu aliyekwisha itumia, na kwa hiyo kila ilipokosea nilikuwa na pa kuelekeza lawama. Picha ikitoka nyeusi, kosa ni la yule aliyeniuzia. Betri ikiisha katikati ya harusi, ni yeye yule. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kuwa na mtu wa kumlaumu ambaye hayupo kujibu ni raha kubwa. Ndiyo maana bibi yangu alipotoka kwenye picha amefifia kama mvuke wa chai, mara ya kwanza hata ya pili, sikujiuliza sana. Nilisema shata imechoka.

Wasiojua mambo haya niwaeleze kidogo. Shata ni kile kipazia cha ndani ya kamera kinachofunguka kuingiza mwanga kisha kikajifunga. Kikifunguka kwa muda mfupi sana, hata kinachokimbia kinaonekana kimesimama. Kikikaa wazi muda mrefu, kinachotembea kinajichora njia yake yote, kinatoka kimefutikafutika, na sisi wapiga picha tunasema picha imecheza. Muda huo ndio spidi. Kwenye kioo cha kamera unaandikwa kwa namba: ukiona 8, ujue ni sekunde moja iliyokatwa vipande vinane na wewe umechukua kimoja. Hayo nilikuwa nayajua. Nilikwisha piga harusi na kipaimara za Moshi mjini kwa miaka sita nikijiona ninayajua.

Bibi anakaa Kilema, juu kidogo ya misheni, kwenye nyumba ambayo migomba imeisogelea mpaka dirishani. Hata saa sita mchana mwanga wa ndani ni wa kijani, na jikoni ni giza kabisa. Sebuleni, ukutani juu ya meza, kuna picha moja tu, ya babu. Amekaa kwenye kiti cha studio ya mjini, ile ya familia moja ya Kihindi iliyofungwa kabla sijazaliwa. Amevaa suti ya kuazima na kofia ameiweka magotini, uso wa mtu anayengoja kusomewa hukumu. Upande mmoja wa picha, toka begani kwake mpaka ukingoni, kuna doa la kijivu. Sote tulijua ni moshi wa jikoni. Kila Krismasi, tunapopanda nyumbani kama ilivyo kawaida yetu Wachaga popote tulipo, shangazi yangu mkubwa hulisugua lile doa. Amesugua kioo kwa nje. Mwaka mmoja akafungua fremu akasugua picha yenyewe kwa kitambaa kikavu. Doa likabaki.

Aliyetaka picha mpya ni bibi mwenyewe. Mwaka huo alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kisha la kushoto, na dunia ikamrudia yote kwa mpigo. Aliona buibui kwenye dari, akaona sufuria zetu tulizodai tumezisugua, akaona na ukuta. Akanishika mkono. "Babu yako yuko pale peke yake," akaniambia, na kwa kuwa mimi na yeye tunaongea Kichaga, hapa naandika kwa Kiswahili tu. "Atadhani nimemkimbia. Nipige picha, niwekwe pembeni yake. Krismasi wakija wote, wanikute nimekaa."

Nilimwahidi papo hapo. Shangazi aliposikia alipendekeza tukuze ile picha ya kitambulisho. Bibi akakataa katakata. "Ile ni ya serikali," akasema. "Mle nimefanana na mwizi wa kuku." Basi mimi na shangazi tukakubaliana kwa simu: nitampiga bibi picha nzuri, na ile ya babu nitaiingiza kwenye kompyuta nilifute lile doa mara moja na milele, wote wawili watoke wapya na fremu zinazofanana.

Niseme na lililokuwa moyoni, maana ndilo lililonisukuma. Nilikuwa naogopa. Bibi alikuwa anaikaribia miaka tisini, na katika picha zote za ukoo wetu hakuna hata moja ambayo uso wake unaonekana. Nilizipekua. Kuna mgongo wake, kuna kanga yake ikiingia mlangoni, kuna mkono wake umeshika sahani mbele ya uso wa mtu mwingine. Mimi ndiye mpiga picha wa familia, nalipwa kwa kazi hiyo na watu baki, na kama angeondoka siku moja tungebaki na ile ya mwizi wa kuku. Wazo hilo lilininyima raha.

Jaribio la kwanza nilipiga ndani kwa spidi 8, bila flashi, kwa sababu flashi ilimuumiza macho yake mapya. Picha zikacheza. Jaribio la pili, hapo hapo, nilipandisha spidi mpaka 60, halafu 125. Zikatoka nyeusi, na nilipoziongezea nguvu ya mwanga zikajaa chenga kama uji uliopikwa kwa haraka, na bibi bado amecheza. Mara ya tatu nilimtoa nje uani, kwenye jua, nikaweka 1000 nimkomeshe. Hapo alitoka safi, kila uzi wa kanga unahesabika, lakini nilimdaka akimfokea kuku, mdomo wazi na jicho moja limegeukia kulia. Nikamwonyesha. Akaiangalia kwa makini. "Huyu mgomvi ni nani?" akauliza, akarudi jikoni.

Nilishuka mjini nimenuna. Maharusi wangu wote wanatembea, nilijiambia, wanacheza muziki, wanarusha mashada ya maua, na nawapiga kwa 60 wanatoka wametulia. Iweje ajuza wa Kilema ashindikane? Nikaamua kamera ni mbovu, ikisema 60 inanidanganya.

Majengo, hapo hapo Moshi, kwenye baraza lililo jirani na fundi cherehani, yupo mzee anayetengeneza redio, feni, mashine za kunyolea na, zamani zile watu walipokuwa nazo, kamera. Ni mzaliwa wa pale pale, mtu wa kofia ya kudarizi na miwani miwili: mmoja wa kuonea mbali ameupandisha kwenye paji la uso, mwingine wa karibu uko puani umefungwa kwa uzi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, nikamwekea kamera mbele yake nikamwambia shata imechoka, aifungue.

Hakuigusa. "Mimi sifungui kitu kwa kuambiwa," akasema. "Nionyeshe picha."

Nikatoa begini kompyuta yangu ya mkononi, nikaunganisha kadi, nikazifungua zile za ndani, kumi na moja. Aliziangalia moja moja, tena polepole kiasi cha kuniudhi, akisogeza pua mpaka karibu iguse kioo. Aligusa picha moja kwa ncha ya bisibisi.

"Hili sufuria limecheza?"

"Hapana."

"Meza?"

"Hapana."

"Basi mkono wako haukutetemeka, na shata haina neno. Ingekuwa ni wewe, vyote vingecheza. Hapa kimecheza kimoja tu. Ni mtu mwenyewe anatembea." Akasogea nyuma. "Na tazama vizuri, binti yangu. Mtu aliyecheza si uchafu. Ana mwanzo na mwisho. Pale alipokawia pamekoza, pale alipopita haraka pamefifia. Huyu alikuwa mezani, akaanza kuelekea mlangoni."

Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilipandisha sauti, nikamwambia wazee wa filamu hawazijui kamera hizi za kisasa. Fundi cherehani akasimamisha mashine yake ili asikie vizuri. Mzee hakukasirika, na utulivu wake ukaniongezea hasira.

"Sawa," akasema. "Tuipime, usije ukaondoka na dukuduku."

Aliingia ndani akatoka na deki ya zamani ya kuchezea santuri, ya mbao, ameikumbatia kama mtoto. Akaweka juu yake santuri iliyokwaruzika, na kwenye santuri akabandika ukanda mwembamba wa karatasi nyeupe, toka katikati mpaka ukingoni. Akaiwasha. Kisha akanipa saa yake ya mkononi.

"Hii ikiwa nzima inazunguka mara mia moja kwa dakika tatu. Hesabu."

"Mimi?"

"Si wewe usiyeamini?"

Nilihesabu. Kwenye mizunguko sitini na kitu nikapotea kwa sababu nilikuwa bado nampangia maneno ya kumjibu. Akaniashiria kwa mkono tu, tukaanza upya. Mara ya pili nilifika themanini, adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, akaniomba radhi, akaenda msikitini akaniacha na deki inazunguka. Aliporudi na uso wenye maji tukaanza tena. Safari hii nilihesabu kwa midomo kama mtoto wa chekechea, na ilipotimia mia moja, dakika ya tatu ilikuwa inakatika. Niligundua kuwa hasira zimekwenda. Mpaka leo sijui kama aliniagiza kuhesabu kwa ajili ya deki au kwa ajili yangu.

Ndipo akaniruhusu kupiga. Niliielekeza kamera kwenye santuri, spidi 8, na ule ukanda mweupe ukatoka umejikunjua kama kipande cha chapati iliyokatwa. Mzee akafungua mkebe wa hesabu wa mjukuu wake, akatoa kipimapembe cha plastiki, akakibandika kwenye kioo cha kompyuta.

"Kwa sekunde moja sahani hii inakula digrii mia mbili," akasema. "Ukizikata kwa nane?"

"Ishirini na tano."

"Soma mwenyewe."

Ilikuwa ishirini na tano. Tukaenda 4, ikatoa hamsini. Tukaenda 15, ikatoa kumi na tatu na kidogo. Tulipanda hivyo hivyo mpaka kipande cha chapati kikawa chembamba hata kipimapembe kikashindwa, na kila namba kamera iliyotaja, santuri iliithibitisha. Nilikuwa naangalia mzee ambaye hakuwahi kumiliki kamera ya dijitali akiikagua ya kwangu kwa deki ya muziki na plastiki ya darasa la sita. Nimewahi kukaa na watu wenye vyeti vya picha vyenye mihuri, na sijaona akili safi kama ile. Nilitamani kumwomba msamaha, nikaishia kumwita "mzee wangu" kwa sauti ya chini.

"Sasa mbona maharusi wangu hawachezi?" nikauliza.

"Maharusi unawapiga na nini?"

"Na flashi."

Akacheka bila sauti, mabega tu. "Flashi inawaka kufumba na kufumbua na kuzimika. Ndiyo iliyokuwa inawasimamisha watu, si spidi yako. Miaka yote hiyo ilikuwa inakufichia."

Miaka sita. Yeye alikwisha rudi kwenye picha za bibi, kwa sababu kwake kazi ilikuwa haijaisha; nilikuja na mgonjwa, na ugonjwa ulikuwa haujajulikana.

"Kigoda hiki ni cha nani?"

"Cha bibi."

"Picha kumi na moja, sijamwona amekikalia." Akasogeza kidole kwenye kona ambako kamera huandika saa. "Ya kwanza saa nne na dakika kumi. Ya mwisho saa nne na dakika ishirini na tano. Uliingia saa ngapi?"

"Saa nne hiyo hiyo."

"Ulikuwa umekula?"

Nikamweleza kwamba mimi kwanza ni kazi. Mwanga ulikuwa unakimbia, nilimwambia bibi chakula baadaye. Mzee akavua miwani ya puani, akaniangalia kwa ile ya mbali aliyoishusha.

"Wewe si Mchaga?"

"Ni Mchaga."

"Mimi wa hapa Majengo nikufundishe ya kwenu? Ujana wangu nilikuwa napanda huko Kilema na begi la bisibisi, natengeneza redio nyumba kwa nyumba. Nilijifunza siku ya kwanza. Usiifungue redio ya watu kabla hujamaliza bakuli lao. Mama mwenye nyumba hakaagi mpaka mgeni ale. Atakuzunguka, ataleta hiki, atarudisha kile, mpaka skrubu zinapotea. Ukishamaliza, akaondoa bakuli, anakaa, na wewe unafanya kazi yako kwa raha." Akanirudishia kamera kwa mikono miwili. "Hakuna shata ya kumsimamisha mtu ambaye mgeni wake ana njaa. Nenda ukale kwanza. Halafu weka 15, kamera ilalie juu ya kitu, usiishike."

Hakutaka malipo kwa sababu, alisema, hakutengeneza kitu. Nilimwachia mkungu wa ndizi wiki iliyofuata, na huo hakuukataa.

Jumamosi nilipanda Kilema na kamera ndani ya begi, zipu imefungwa. Bibi alikuwa amepika kiburu, ndizi na maharage vilivyochanganyika mpaka hujui kipi kimeanzia wapi. Nilikula. Akaniongeza, nikala. Akaleta maziwa ya mgando kwenye kibuyu, nikanywa. Nilimwangalia kwa mara ya kwanza huku sina namba kichwani: jinsi anavyojua bakuli limebaki tonge ngapi bila kuliangalia, anavyougeuza mpini wa kijiko upande wa mkono wangu, anavyosogeza moto kwa mguu huku mikono iko kwenye kazi nyingine. Mwili wa karibu miaka tisini, na haukuwa na mwendo hata mmoja wa bure. Nilijisikia vibaya kwamba nilikuwa nikiuita ubovu wa kamera.

Nilipomaliza alichukua bakuli, akaliosha, akalifunika. Akafuta mikono. Kisha akavuta kigoda mpaka karibu na mlango, mahali ambapo mwanga wa nje unaingia bila kupita kwenye migomba, akakaa. Akashusha pumzi ndefu.

"Haya," akasema, "sasa nipige hiyo picha. Nilikuwa nakungoja wewe umalize."

Nililaza kamera juu ya gunia la maharage, nikaweka 15, nikabana pumzi. Nilipiga tatu. Ya pili ndiyo yenyewe. Mikono iko mapajani, kitambaa kimekaa sawa kichwani, macho yake mapya yananitazama moja kwa moja, na mdomoni kuna kicheko anachokizuia. Ninamjua toka nizaliwe na sikuwa nimewahi kuuona uso huo kwa muda mrefu kiasi kile. Nililia kidogo nyuma ya gunia, naye akajifanya hakuona.

Nikaondoka na picha ya babu ndani ya gazeti, ili nilimalize na lile doa.

Chumbani kwangu niliipiga picha ile ya zamani, nikaikuza kwenye kompyuta mpaka doa likajaa kioo chote. Nilishika kifutio, kile cha kompyuta kinachofuta unapokipitisha, nikaanza ukingoni. Nilifuta eneo la ukubwa wa kucha. Nikasita, kwa sababu doa halikuwa sawa kote. Karibu na shingo ya babu lilikuwa limekoza. Kuelekea ukingoni lilizidi kufifia. Lilikuwa na mwanzo na mwisho.

Nikalikuza zaidi. Pale lilipokoza, kwenye kola ya suti ya kuazima, kulikuwa na vidole vinne.

Kifutio nilikiachia kama kitu cha moto. Asubuhi nilikuwa barazani Majengo kabla mzee hajatandaza vifaa vyake. Nilimpa picha. Aliweka miwani, akaiinamia.

"Hapa kuna mtu," akasema. "Alikuwa anamshika kola, akaondoka haraka. Shata ya zamani ile, labda robo ya sekunde, labda nusu." Akaigeuza kunirudishia, kwa uangalifu kuliko alivyoipokea. "Nenda kamuulize."

Bibi alikuwa anachambua kahawa nilipofika. Safari hii nilikula kwanza. Alipokaa, nikamwekea picha magotini nikamwonyesha vidole. Aliviangalia, halafu akaweka vidole vyake mwenyewe juu yake, vinne.

Yeye na babu walishuka mjini kwa miguu siku ya picha, akaniambia. Uwezo ulikuwa wa picha ya mtu mmoja. Yeye alisimama nyuma ya pazia ameshika katambuga za babu, sandali za mpira wa tairi, kwa sababu viatu vya miguuni vilikuwa vya kuazima kama suti. Mwenye studio akawa tayari, na bibi akaona kola imejikunja. "Ningeiachaje? Nikaingia nikamnyoosha. Yule Mhindi akanipigia kelele nitoke, nami nikatoka mbio, lakini alikuwa ameshabonyeza." Mwenye studio alitaka kurudia bila kudai chochote, maana aliona kazi imeharibika. Babu alikataa. "Akamwambia iache hivyo hivyo. Akasema, mimi namwona."

"Bibi, mbona hukutuambia miaka yote hii?"

"Niliona mnajua. Halafu macho yakaingia ukungu, sikuwa naona ukuta. Yalipofunguliwa nikatazama, nikaona nimebaki hivi." Alipitisha kiganja kwenye kioo. "Nikadhani shangazi yako amenimaliza kunifuta. Ndiyo nikakuita."

Nilifikiria ile sehemu ya ukubwa wa kucha niliyoifuta usiku wa jana kwenye kompyuta, na kwamba kama si santuri ya Majengo ningeimaliza yote, tena kwa mikono yangu, tena nikitarajia kupongezwa. Niliporudi mjini nililifuta lile faili lote. Picha ya babu niliirudisha ndani ya fremu mpya vile vile ilivyokuwa, na ya bibi nikaikatia kipimo kile kile.

Krismasi walikuja wote, kutoka Dar, Arusha, mmoja kutoka Mwanza. Picha mbili zilikuwa ukutani, babu kwenye kiti chake cha studio, bibi kwenye kigoda chake. Watu walipokezana kusimama mbele ya ile ya bibi. Shangazi mkubwa alimsifu bibi, akanisifu mimi, kisha akamgeukia babu, akakuta doa liko pale pale, na uso ukambadilika. Akaniangalia kama mtu aliyedhulumiwa. Akaenda jikoni, akarudi na kitambaa, akapanda juu ya kiti.

"Usinifute," bibi akasema.

Alisema bila kuinua sauti, lakini nyumba nzima ilisikia. Shangazi akabaki na mkono hewani.

"Huyo ni mimi. Pale natembea, hapa nimekaa."

Alinyoosha kidole toka picha moja mpaka nyingine, ili hata watoto waelewe. Shangazi alisogeza uso karibu na kola ya baba yake, akaviona vidole, na aliposhuka kitini kitambaa alikuwa amekikumbatia kifuani. Bibi alikwisha simama. Alikuwa anapita katikati yetu anauliza nani bado hajala.